Kuhamisha valvu kutoka hedi moja kwenda nyingine: nilivyofanya kwenye Hiace ya mama mdogo

Wadau habari za siku. Nimekaa kimya maana wiki tatu zote zimeishia kwenye injini moja tu, 3L, dizeli ya silinda nne, ya Hiace ya mama mdogo wangu, na nimeona niandike sasa hivi kabla sijaanza kusahau, kwa sababu swali hili naulizwa sana hapa gereji Chang'ombe, Dodoma, na majibu ambayo watu wanapeana mtaani yananiuma kweli. Swali lenyewe ni hili: una hedi mbili za injini ya aina moja (hedi ni kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, valvu ni vile vilango ndani yake vinavyoingiza hewa na kutoa moshi), moja ina ufa lakini valvu zake ni nzima kabisa, nyingine haina ufa ila valvu zake zimechoka, je unaweza kuchomoa za kule ukaweka huku? Unaweza. Ila valvu haihami kama tairi, kwamba unafungua hapa unafunga pale safari inaendelea, na injini nyingi nilizoona zimeharibika baada ya kuhamishiwa valvu zimeharibikia hapo tu, fundi alichomoa akachomeka.

Ilianza hivi. Mama mdogo anafuata perege Mtera, anatoka Dodoma usiku wa manane, alfajiri yuko bwawani, kabla jua halijawa kali anakuwa njiani anarudi kuja kushusha Majengo. Siku hiyo hosi ya chini ya rejeta ilipasuka, maji yakaisha, na dereva kwa kuwa samaki hawangoji na barafu inayeyuka hakuangalia mshale wa joto, akakanyaga tu. Walipokaribia Mlowa Barabarani gari likakata. Akanipigia, "Mwanangu, gari limekufa, linatoa mvuke kama sufuria ya ubwabwa." Nikamwambia mama msimwage maji ya baridi, acheni lipoe lenyewe, akasema ameshamwaga konda ndoo nzima. Hapo nikajua hedi haijapona. Samaki wakahamishiwa kwenye Fuso iliyokuwa inapita, Hiace ikaja imevutwa na kamba.

Tukafungua. Ufa ulikuwa silinda ya tatu, kati ya siti (pale valvu inapokaa ikifunga) ya valvu ya inteki, ile ya kuingiza hewa, na siti ya valvu ya ekzosi, ile ya kutoa moshi, hapo ndo penye chuma chembamba na ndo penye joto kuliko sehemu nyingine yoyote ya hedi, kwa hiyo injini ikichemsha panapasuka hapo kwanza. Mzee wangu, yule aliyenifundisha kazi, ana njia yake ya kuonyesha ufa kwa mteja: anapaka mafuta ya taa, anasubiri kidogo, anafuta mpaka pakauke kabisa, halafu anapaka chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yanatoka tena taratibu na chaki inachora mstari. Mama mdogo aliuona mstari kwa macho yake, umetoka kwenye siti umeshuka mpaka tundu la maji. Hakuna cha kuchomelea pale.

Akakaa kwenye ndoo akaniuliza, "Na zile valvu nilizonunua mwezi wa kwanza ndo basi tena?"

Nilikuwa nimemuwekea valvu mpya zote 8 mwezi wa kwanza, hela aliikusanya kwa vikoba. Nikamwambia mama tutaona, usikate tamaa, maana ufa uko kwenye hedi, valvu ni kitu kingine. Na kwa kweli nilipozichomoa nyingi zilikuwa safi. Siku nne baadaye ikaja hedi ya mtumba kutoka Ilala Dar, imesafirishwa kwa basi nikaipokea stendi ya Nanenane, na yenyewe ilikuja na valvu zake ndani. Hedi nzuri, haina ufa, uso umenyooka, ila valvu zake zilikuwa zimeliwa vibaya, za ekzosi zina vidonda usoni kama ndui na moja ya inteki imepinda. Sasa ndo una hedi mbili na valvu 16 mezani, na kila anayepita gerejini ana ushauri.

Wa kwanza akasema, "Kaka chomeka hizo nzuri fasta, valvu ni valvu, 3L ni 3L." Nataka nieleze vizuri kwa nini hapana.

Valvu na siti yake wanaishi pamoja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kila sekunde, inapiga siti yake, na kila inapopiga zinazoeana. Kama siti ina kaupande kamechongeka kidogo, valvu nayo inachongeka kufuata, baada ya muda zinakuwa kama kifuniko na chungu chake, kile kifuniko ukikipeleka kwenye chungu cha jirani kinakaa lakini mvuke unatoka pembeni. Kwenye dizeli mvuke kutoka pembeni sio jambo dogo. 3L inabana hewa zaidi ya mara 20, haina plagi ya cheche, moto unawaka kwa sababu hewa ikibanwa hivyo inapata joto la kuunguza dizeli yenyewe. Valvu ikivuja kidogo tu, hewa inapungua, joto linapungua, na asubuhi ya mwezi wa sita hapa Dodoma ambapo baridi inakung'ata vidole, gari halitawaka, au litawaka kwa kukohoa na moshi mweupe umejaa uwanja mzima.

Na kuna la pili ambalo wengi hawalifikirii. Valvu ya ekzosi inapitiwa na moto, inafika nyuzi 700 na zaidi, na joto hilo lina njia mbili tu kubwa za kutoka, kupitia uso wa valvu kwenda kwenye siti pale inapofunga, na kupitia shina kwenda kwenye gaidi, ile bomba ya chuma ambayo shina linapita ndani. Sehemu kubwa ya joto inatokea kwenye siti. Sasa kama valvu imekaa kwenye siti ya ugenini na inagusa upande mmoja tu, ule upande usiogusa haupoi, gesi ya moto inapita hapo hapo kila mara, inachimba kamfereji, na ndani ya muda mfupi una valvu iliyoungua. Halafu mwenye gari anaambiwa valvu zilikuwa feki. Hazikuwa feki, zilinyimwa pa kupumulia.

Hili nilifundishwa kwa machungu. Mwaka wangu wa pili gerejini, bado dogo wa kuosha vyuma, nilipewa hedi ya Hilux nioshe. Nikachomoa valvu zote nane nikazitia kwenye beseni moja la petroli, nikazisugua zikang'aa, nikampelekea mzee nikiwa na furaha. Akaniuliza, "Ya kwanza ni ipi?" Sikuwa na jibu. Hakunifokea. Alichukua moja moja akaanza kujaribu kwenye kila siti, ikachukua siku nzima, na mwisho ikabidi zote zisagwe upya wakati zilikuwa hazihitaji. Jioni akaniambia neno ambalo mpaka leo nalitumia, "Valvu ina kwao." Mzee ni Mgogo wa Mvumi, haongei sana, asubuhi ukifika ni mbukwenyi, salamu ya kwao, kazi, basi, kwa hiyo akisema kitu kinakaa.

Toka siku hiyo kila hedi ninayofungua nachukua boksi la kartoni, natoboa matundu mistari miwili, naandika 1 mpaka 4, juu inteki chini ekzosi, kila valvu inaingia tundu lake na springi yake na vile vichuma viwili vidogo vinavyobana springi na kopo lake linalokaa juu ya springi na shimu yake, kisahani cha juu ya kopo, vyote kwenye kifuko pembeni. Hata kama najua nazihamisha, bado naziandika zilikotoka, kwa sababu nikikuta tatizo nataka kujua lilitoka silinda ipi. Na safari hii ilinisaidia kweli kama utakavyoona.

Kwanza kabisa nikahakikisha hizi hedi ni ndugu. Sio kwa macho. Valvu za injini zinazofanana zinaweza kufanana sura kabisa na kutofautiana urefu kidogo sana ambao jicho halioni, na huo urefu mdogo ndo unaokuharibia gepu, ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu. Kwa hiyo nikapima valvu za hedi zote mbili kwa venia, urefu, upana wa kichwa, unene wa shina, moja baada ya nyingine na kuandika. Ya inteki ina kichwa kikubwa kuliko ya ekzosi, hiyo kila mtu anajua, ila kwenye hedi iliyochokonolewa na mafundi wengi usiamini kitu, mimi huwa nachukua na sumaku ya spika ya redio ya zamani. Valvu ya inteki mara nyingi sumaku inaidaka kichwani. Ya ekzosi mara nyingi kichwani haiidaki, inadaka huku chini kwenye shina tu, kwa sababu kichwa chake ni chuma cha aina nyingine kinachostahimili moto na kimeunganishwa na shina la chuma cha kawaida. Usije hata siku moja ukaweka ya inteki kwenye ekzosi kwa sababu eti inaingia, chuma chake hakikutengenezwa kwa moto ule.

Halafu nikazilaza kwenye kioo nikazisukuma zibingirike, yenye kichwa kinachoyumba imepinda, weka pembeni. Za mama mdogo zote nane zilibingirika vizuri. Halafu ukingo wa kichwa, pale pembeni kabisa, uwe na unene, mimi nikiona imeshuka karibu na milimita 1 siiweki, ukingo mwembamba unapata moto haraka na kupasuka. Hapa nikaanza kuwa na wasiwasi na moja, ekzosi ya silinda ya tatu, ile iliyokaa jirani na ufa. Ukingo ulikuwa mzima lakini rangi yake ilikuwa tofauti na wenzake, imekuwa na kaweupe kama majivu upande mmoja. Nikaiwekea alama nikaendelea.

Sasa gaidi. Hapa naomba watu wasome taratibu. Valvu nzuri ndani ya gaidi iliyochoka ni hasara, kwa sababu inashuka kwenye siti ikiwa imeinama, leo inagusa huku kesho inagusa kule, utasaga mpaka uchoke na haitafunga. Shina la valvu za injini hizi ni kama milimita 8, la ekzosi linafanywa jembamba kidogo sana kuliko la inteki kwa sababu likipata moto linavimba. Nafasi kati ya shina na gaidi kwenye injini nyingi za Toyota za aina hii mwisho wake ni 0.08 mm kwa inteki na 0.10 mm kwa ekzosi, zaidi ya hapo badilisha. Nilienda kuazima mikrometa kwa fundi wa kukereza kule Kizota, kijana mmoja makini sana na vyombo vyake, alinipa kwa masharti nisiiweke juani. Nikapima mashina sehemu tatu, juu, katikati, chini, maana shina haliliwi sawasawa. Mashina mazima. Gaidi za hedi mpya, sita poa, mbili za inteki zilikuwa zimelegea, ukitikisa valvu unaisikia kabisa inacheza kwenye vidole.

Nadhani hilo ni vumbi. Hatujui lile gari lililotoa hedi lilitembea wapi lakini mtu asiyebadilisha filta ya hewa anakula gaidi na siti na ringi kwa pamoja, na sisi huku Dodoma kwa vumbi letu la mwezi wa saba na wa nane hilo tunalijua. Hedi ikarudi Kizota, gaidi mbili zikatolewa zikawekwa mpya, na hapo kuna kanuni ambayo watu wanairuka kwa kubana hela, ukibadilisha gaidi lazima siti yake ikatwe upya, kwa sababu kifaa cha kukatia siti kinasimamia kwenye gaidi, gaidi mpya katikati yake sio lazima iwe pale pale pa zamani. Siti inakatwa kwa pembe tatu, 45 ndo pale valvu inapokaa, halafu 30 kwa juu na 60 kwa chini kupunguza upana na kusogeza mstari wa kugusa uwe katikati ya uso wa valvu. Upana wa mguso tunataka kati ya milimita 1.2 na 1.6 hivi. Ukiwa mwembamba sana joto halitoki vizuri, ukiwa mpana sana masizi yanakaa na haibani. Mama mdogo aliuliza kwa nini tunalipa mashine wakati hedi ni nzuri, nikampeleka hadi Kizota akaona mwenyewe, akalipa bila neno.

Kusaga sasa. Kazi ninayoipenda kuliko zote gerejini, sijui kwa nini, labda kwa sababu mkono ndo unaongea. Niliamua kila valvu ya mama mdogo ibaki silinda yake ile ile, ya kwanza iende ya kwanza, ya pili ya pili, sio kwamba ni lazima kwa kuwa kwenye hedi mpya zote ni wageni tu, ila kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Unapaka pesti ya kusagia kidogo kwenye uso, sio kulundika, tone tatu nne zinatosha, unapaka oili kwenye shina, unashika kijiti chenye mpira wa kunyonya, unazungusha kwa viganja kwenda na kurudi kama mtu anayepekecha moto, na baada ya muda unainyanyua na kuigeuza kidogo ikae sehemu nyingine halafu unaendelea. Kunyanyua na kugeuza ndo siri, ukisaga bila kunyanyua unachora mifereji. Kuna wanaofunga valvu kwenye drili. Nimeona nyuso zilizotoka kwenye drili, zina duara duara kama sahani ya santuri, hazibani. Pesti ya chembe kubwa kidogo tu kwa zile zinazohitaji, halafu nyororo mpaka uone mstari wa kijivu umezunguka uso wote, rangi moja, bila kukatika.

Upepo wa mwezi wa sita huku unajua mwenyewe. Ilibidi mama mdogo alete mashuka mawili tukaning'iniza kwenye upande wa gereji uliofunguka, na kila nilipoacha kazi nilifunika hedi kwa kanga yenye unyevu. Vumbi likiingia kwenye pesti unasaga kwa mchanga.

Kupima kama zimebana nafanya mara mbili. Ya kwanza kwa penseli, nachora vimistari vifupi vya penseli kuzunguka uso wa valvu wote, naishusha kwenye siti naibana na kuizungusha robo tu, natoa naangalia. Mistari yote ikiwa imefutika katikati, inagusa pande zote. Pakiwa na mistari mitatu imebaki salama, hapo haigusi. Ya pili nafunga springi, nalaza hedi ubavu, namimina petroli kwenye tundu la hewa kisha upande wa ekzosi, nasubiri dakika kadhaa natazama upande wa chumba cha moto kama panalowana. Petroli ni nyepesi na ina uongo kidogo, inaweza kupenya hata pale ambapo dizeli isingepenya, ndo maana naipenda, ikikaa imekaa.

Saba zikakaa. Ekzosi ya tatu ikavuja. Nikasaga tena. Ikavuja. Nikasaga mara ya tatu, mstari wa kijivu unaonekana umezunguka vizuri lakini petroli inatoa jasho upande ule ule, na ule upande ukitazama alama niliyoweka ndo wenye weupe wa majivu. Ile valvu ilikuwa imepikwa siku gari lilipochemsha. Kwa macho nzima, kwenye kioo imenyooka kichwa hakiyumbi, lakini chuma kilishabadilika pale na uso umezama kidogo sana. Kama ningekuwa nimezichanganya kwenye beseni nisingejua imetoka wapi, ningelaumu siti ya hedi mpya na kuikata bure. Nikamwambia mama mdogo ukweli, saba zimepona, moja hapana, tununue moja. Akacheka akasema saba kwa nane ni bora kuliko alichotegemea. Ile mpya nayo niliisaga, maana kuna wanaosema valvu mpya haisagwi, mpya kwa nani? Siti haijawahi kuiona.

Sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isishuke kwenye gaidi, weka mpya zote, hapo usibane hela hata kidogo, sili ya zamani imekauka na imeshazoea shina la mwenzake, utakuja kuona moshi wa bluu. Na kabla ya kufunga chochote, osha. Pesti ni chembe za kukata chuma, ikibaki kwenye gaidi au kwenye tundu la oili itaendelea na kazi yake injini ikiwa inatembea. Niliosha na dizeli, nikaosha na maji ya moto na sabuni, nikapuliza kwa kompresa, nikapitisha kitambaa cheupe kwenye kila gaidi mpaka kikatoka cheupe.

Kuna jambo la gepu ambalo hapa ndo raha ya kuwa na hedi mbili ilionekana. Unaposaga valvu au kukata siti, valvu inazama ndani kidogo, ikizama ndani shina lake huku juu linapanda, na likipanda gepu kati ya kamshafti, ule mhimili unaosukuma valvu zifunguke, na shimu inapungua. Watu wanafunga hivyo hivyo. Gari linawaka vizuri likiwa baridi, likipata moto shina linarefuka, gepu inaisha kabisa, valvu haifungi tena mpaka mwisho, na unarudi kule kule kwenye kuungua. 3L ikiwa ya baridi inataka 0.20 mpaka 0.30 mm kwa inteki na 0.40 mpaka 0.50 kwa ekzosi, ya ekzosi kubwa kwa sababu ya moto. Nilipofunga kamshafti nikapima kwa fila gegi, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, karibu zote zilikuwa zimebana, inteki moja 0.12, ekzosi moja 0.31, hakuna hata moja ya kuachwa.

Sasa kila valvu ina shimu yake juu ya kopo, kisahani cha chuma chenye unene wake, na shimu hizi zinatofautiana kwa 0.05 mm. Kununua moja moja kwa hapa Dodoma ni kazi, unaagiza Dar unasubiri. Lakini mimi nina hedi mbili, nina shimu 16. Nikazipima zote kwa mikrometa, nikaandika unene nyuma ya kila moja kwa kalamu, nikazipanga kwenye kartoni kuanzia nene mpaka nyembamba. Ekzosi yenye 0.31 ilikuwa na shimu ya 2.80, nikaweka ya 2.65, gepu ikawa 0.46. Ile inteki ya 0.12 ilikuwa na 2.75, nikaweka 2.60, ikaja 0.27. Hesabu ya darasa la nne tu lakini ukae utulie, nilikaa na daftari kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama, na kati ya 16 nikapata saba zilizokubali. Moja tu ndo niliagiza. Mzee alikuja akasimama nyuma yangu akaangalia daftari muda mrefu, akaondoka bila kusema kitu, na mimi namjua, hiyo ni sifa kubwa.

Kufunga sitaki kurefusha. Gasketi ya hedi za injini hizi inakuja kwa unene tofauti kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, kwa hiyo angalia alama ya ile ya zamani au pima, usichukue yoyote iliyopo dukani. Bolti anza katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya toki sio kwa nguvu za bega. Taimingi belti nikaweka mpya, kwenye injini hii ikikatika pistoni inazigonga valvu na kazi yote hii inaisha sekunde moja. Na hosi zote, juu na chini, maana hosi ndo ilileta msiba.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri nikawa gerejini peke yangu na mama mdogo, amekuja na chupa ya chai na mihogo. Nilitaka kuliwasha likiwa na baridi ya usiku, mchana hata injini mbovu inawaka. Nikageuza swichi, nikasubiri taa ya hita izime, nikapiga stata. Lilizunguka mara tatu nne, mafuta yalikuwa bado hayajafika vizuri kwenye nozeli, halafu likashika, kwanza silinda mbili, halafu tatu, halafu zote nne, moshi ukatoka kidogo ukakatika. Nikaenda nyuma nikaweka kiganja karibu na bomba la ekzosi, pumzi zinakuja sawa sawa, hakuna inayoruka. Mama mdogo alikuwa ameshika kikombe hajanywa. Akaniuliza, "Ndo zile zile zangu?" Nikamwambia ndo zile zile mama, saba.

Kesho yake usiku alienda Mtera. Nilimpa dereva masharti, wiki ya kwanza asizidishe mzigo, na mshale wa joto auangalie kuliko anavyoangalia simu. Mpaka leo ameshaenda mara sita, maji hayapungui, oili haijabadilika rangi. Valvu ya zamani ya silinda ya tatu nimeifunga kwenye waya ukutani gerejini pamoja na daftari la shimu, dogo mpya tuliyempokea aishike aone ule weupe. Jumamosi hii Hiace inakuja, nafungua kava nipime gepu tena zote nane, maana valvu zikizoeana na siti mpya zinazama kidogo zaidi siku za mwanzo, na zile shimu tisa zilizobaki bado nimezihifadhi kwa ajili hiyo.